Fedha Chafu Hazijui Mpaka

Ukienda benki leo na furushi la noti, karani hazipokei tu na kukupa risiti kama zamani. Atakuuliza umezipata wapi, ni za kazi gani, na nani aliyekupa. Wasikilizaji kadhaa wameniuliza: tangu lini benki imekuwa kituo cha polisi? Wiki hii nitalijibu swali hilo, na jibu lake litatupeleka mbali kidogo, hadi kwenye kesi mbili zilizosikilizwa Uingereza zaidi ya miaka 40 iliyopita. Kesi ya kwanza iliuliza kosa limetendeka wapi. Ya pili iliuliza mali imekwenda wapi.

Tuanze na desturi ya zamani. Sheria ya Kiingereza, ambayo sisi wa Afrika Mashariki tuliirithi pamoja na majoho ya mahakimu wake, ilishikilia kwamba kosa la jinai huhukumiwa mahali lilipotendeka. Ukiiba ng'ombe Musoma, utashtakiwa Musoma. Sababu yake ilikuwa ya maana: kila nchi ni bwana katika ardhi yake, na mashahidi wako karibu. Utaratibu huo uliwafaa watu wa zama za ng'ombe na mashamba. Ulipokuja wakati wa ndege, simu na akaunti za ng'ambo, mpaka uligeuka kuwa ukuta wa kumkinga tapeli.

John Stonehouse alikuwa mbunge wa chama cha Labour. Baadhi ya wazee wa Uganda huenda walimjua, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifanya kazi huko na vyama vya ushirika. Mwaka 1959 serikali ya walowezi ilimfukuza Rhodesia ya Kusini kwa sababu ya msimamo wake wa kuwatetea Waafrika. Baadaye akawa waziri katika serikali ya Harold Wilson. Lakini biashara zake zilikwenda mrama, na tarehe 20 Novemba 1974 aliacha nguo zake ufukweni Miami, Marekani, akatoweka. Dunia ikaamini amekufa maji. Kumbe alikuwa na pasipoti yenye jina la mtu aliyekwisha kufa, na kabla ya kutoweka alikuwa amekata bima tano za maisha zenye thamani ya pauni 125,000, ambazo mkewe angelipwa. Mkewe hakujua lolote. Siku ya mkesha wa Krismasi mwaka huo huo, polisi walimkamata Melbourne, Australia.

Mwaka 1976 alihukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa makosa mengi ya wizi na udanganyifu. Kuhusu zile bima, alikata rufaa hadi Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Hoja yake ilikuwa kwamba kila alichokifanya siku ile alikifanya Miami. Basi Uingereza inamshtaki kwa lipi? Mwaka 1977 majaji walimjibu kwamba hila ile ilipigwa Miami, lakini ilielekezwa Uingereza. Habari za kifo cha uongo zilikusudiwa kumfikia mke na makampuni ya bima huko, na malipo yangetoka huko. Kwa hiyo mahakama za huko zilikuwa na haki ya kumhukumu.

Hukumu ile ilifungua mlango mmoja tu. Utapeli mwingine mwingi uliovuka mipaka uliendelea kuponyoka. Ilibidi Bunge la Uingereza litunge sheria mwaka 1993, iliyosema kwamba inatosha sehemu moja muhimu ya udanganyifu ikitendeka nchini. Na hata hivyo, sehemu hiyo ya sheria haikuanza kutumika hadi mwezi Juni 1999. Tapeli alikuwa akisafiri kwa ndege, sheria ikimfuata kwa miguu.

Sasa tuitazame kesi ya pili. Mwezi Machi 1977 polisi wa Uingereza walivamia nyumba nyingi kwa mpigo mmoja na kuwakamata watu waliokuwa wakitengeneza na kuuza LSD, dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone yasiyokuwapo. Operesheni hiyo iliitwa Julie. Vigogo wake walifungwa, baadhi yao miaka 13. Polisi waliifuatilia faida ya biashara ile wakaikuta imetulia katika mabenki, pamoja na ya Uswisi na Ufaransa. Mali yote ilifikia karibu pauni 750,000. Hakimu aliamuru itaifishwe, na kila mwananchi wa kawaida angesema hiyo ndiyo haki.

Lakini mwaka 1980 Baraza la Malodi lilitengua amri hiyo. Lord Diplock alisema wazi kwamba anatoa uamuzi ule kwa masikitiko. Sheria ya madawa ya mwaka 1971 iliruhusu kutaifishwa kwa vitu vinavyohusiana na kosa lililotajwa na sheria hiyo. Watu hawa walitiwa hatiani kwa kula njama, kosa ambalo halikuwamo katika sheria ile. Isitoshe, ilihusu vitu vinavyoshikika: dawa zenyewe, vyombo vya kuzitengenezea, fedha iliyokamatwa mkononi. Haikuhusu akiba iliyokwisha geuzwa sura, wala mali iliyoko nchi za nje. Basi wenyewe wakabaki gerezani, na mali yao ikawasubiri nje.

Hapo ndipo watawala walipoamka. Walitambua kwamba kwa mfanyabiashara wa madawa ya kulevya, kifungo ni hasara kama hasara nyingine za biashara. Akijua kwamba atatoka na kuikuta nyumba yake, akiba yake na heshima ya mjini, atafanya hesabu na kuona inalipa. Kamati iliyoongozwa na Jaji Derek Hodgson ilitoa taarifa yake mwaka 1984, na mwaka 1986 ikaja sheria mpya. Mahakama ilipewa uwezo wa kukadiria faida yote aliyoipata mlanguzi na kumtaka ailipe, hata kama fedha ile imegeuka shamba au gari. Na yeyote anayemsaidia kuificha, awe mwanasheria au meneja wa benki, akawa naye ni mhalifu. Mwaka huo huo Marekani nayo ilitunga sheria ya kupiga marufuku usafishaji wa fedha chafu.

Tarehe 20 Desemba 1988, mataifa yalipitisha mkataba mjini Vienna. Kila nchi iliyotia sahihi ilikubali kuufanya usafishaji wa fedha za madawa kuwa jinai, kutaifisha mapato yake, na kusaidiana na nchi nyingine. Kifungu kimoja kilikuwa kama nyundo: hakuna nchi itakayokataa kusaidia kwa kisingizio cha siri za benki.

Haja yake ilionekana upesi. Benki ya BCCI, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Agha Hasan Abedi wa Pakistan, ilisajiliwa Luxembourg, ikaendeshwa kutoka London, na ikawa na matawi katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo. Kwa kuwa ilikuwa kila mahali, hapakuwa na serikali hata moja iliyoiona nzima. Mwezi Oktoba 1988 maofisa wake walishtakiwa Florida kwa kusafisha fedha za kokeini. Tarehe 5 Julai 1991 benki ilifungwa kwa udanganyifu mkubwa, na walioumia hasa ni wenye akiba zao, wakubwa kwa wadogo. Abedi alishtakiwa New York, lakini Pakistan haikumtoa. Alifariki Karachi mwaka 1995 bila kupanda kizimbani Marekani.

Nasi hatukukaa nyuma kama watu wanavyodhani. Mwaka 1986 mawaziri wa sheria wa Jumuiya ya Madola walikutana Harare wakakubaliana utaratibu wa kusaidiana katika mambo ya jinai. Mwaka 1991 Tanzania ilitunga sheria mbili, moja ya msaada huo na nyingine ya mali itokanayo na uhalifu, miaka miwili kabla ya Uingereza kutunga ile ya utapeli wa kuvuka mipaka. Mwaka 1999 nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika ziliunda Arusha kundi lao la kupambana na fedha haramu, na makao yake yakawa Dar es Salaam. Tanzania ilitunga sheria ya fedha haramu mwaka 2006, na Kenya ikafuata mwaka 2009. Yule karani anayekuuliza maswali anatekeleza sheria za namna hiyo.

Nataka hata hivyo kusema jambo ambalo wapenda sheria kali hawalisemi. Ile sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 iliiruhusu mahakama kuchukulia kwamba chochote alichopokea mlanguzi katika miaka 6 iliyotangulia kilitokana na madawa, mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Kwa mtu aliyekwisha kutiwa hatiani, naielewa hoja hiyo. Lakini chombo kikali hushawishi mkono. Mtu mmoja alikamatwa Uingereza mwezi Novemba 1986, kabla amri hizo za kutaifisha hazijaanza kutumika, lakini akapigwa nazo. Mwaka 1995 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwa kauli moja kwamba hiyo ilikuwa adhabu iliyorudishwa nyuma, na kwamba haki yake ilivunjwa. Mlanguzi naye alikuwa na haki, na ilibidi serikali iambiwe hivyo.

Kwetu hapa, wengi wetu hatuweki risiti. Mama muuza samaki na fundi seremala huhifadhi jasho lao chini ya godoro, na hawana karatasi ya kumwonyesha mtu. Mwenye fedha chafu, yeye ana mhasibu, ana wakili, na karatasi zake zote ziko safi. Sheria isiyotazama tofauti hiyo itamsumbua mama wa samaki asubuhi na kumfungulia mlango mlanguzi jioni.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Tuliuhitaji msumeno huu, na historia niliyoieleza inaonyesha gharama ya kuukosa. Kwa hiyo karani akikuuliza fedha umezipata wapi, mjibu bila kinyongo. Nawe una haki ya kutaka swali hilo hilo aulizwe na yule aliyeingia kwa mlango wa nyuma, akapokewa na meneja mwenyewe na kuandaliwa chai.