Sanaa Huria, Insia au Taaluma Huru?

Mzazi wa Mbeya akiambiwa kwamba mwanawe amepata nafasi ya kusoma "sanaa huria" Marekani, neno sanaa litamkumbusha wanamuziki, wachoraji na chuo cha Bagamoyo. Huria litampeleka Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako wengi husoma huku wakiendelea na kazi zao. Liberal arts, istilahi ya Kiingereza inayotafsiriwa hivyo, haimo katika lolote kati ya hayo.

Asili yake ni Kilatini, artes liberales. Ars ni ujuzi wowote wenye kanuni zinazofundishika. Liberalis ni kinachomhusu mtu huru, asiye mtumwa. Katika Ulaya ya Zama za Kati fani hizo zilihesabiwa saba: sarufi, mantiki na balagha, kisha hesabu, jiometri, muziki na falaki. Nne za mwisho zote ni za namba, kwa kuwa hata muziki ulisomwa kama elimu ya uwiano wa sauti. Hapo ndipo sanaa inapotuponza zaidi. Kwetu, aliyesoma tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) ni mtu wa Arts, wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ni mtu wa sayansi, na njia zao hazikutani tena. Hata insia (humanities), neno zuri ambalo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimelipa ndaki nzima, linaiacha hisabati nje.

Kuona liberal arts inavyofundishwa, tazama Morris, mji mdogo wa wakulima magharibi mwa Minnesota. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Minnesota iliyopo pale ni ya umma, na wanafunzi wake wengi hutoka jimboni humo humo. Shahada ni krediti 120, kwa kawaida miaka minne. Mwanafunzi ana somo kuu, lakini sharti apitie pia historia, lugha ya kigeni, hisabati na sayansi ya maabara. Aliyehitimu kemia hupewa B.A., sawa na mwenzake wa falsafa.

Mwaka 1887 mahali hapo palifunguliwa shule ya bweni ya watoto wa Wenyeji wa Asili wa Marekani. Shule za aina hiyo ziliwafunza watoto kilimo, ushonaji na kazi za nyumbani, na zilikusudia kuwatenga na lugha na mila za wazazi wao. Shule ilipofungwa mwaka 1909, serikali ya shirikisho iliikabidhi Minnesota majengo kwa sharti kwamba wanafunzi wa jamii hizo wasome pale bila ada. Ikaja shule ya kilimo, na mwaka 1960 chuo kikuu. Sharti la kutotoza ada bado linafuatwa.

Nimeileta habari hiyo kwa sababu Kiswahili kina neno linalolingana kabisa na liberalis: muungwana. Pwani, muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru. Maana ya adabu na malezi mema ilikua juu ya hiyo. Neno lilisafiri na misafara hadi Kongo, na Kiswahili cha huko kikaitwa Kingwana. "Elimu ya kiungwana" ingekuwa tafsiri aminifu kuliko zote, nami naikataa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, lakini ukoo uliendelea kuwa kipimo cha nani muungwana na nani si muungwana. Istilahi ya namna hiyo ingewafungia mlango watoto kama wale wa Morris, na wajukuu wa watumwa wa kwetu pia.

Napendekeza taaluma huru. Taaluma inabeba fizikia na ushairi bila kuchagua, na huru, iliyotoka Kiarabu, nayo ilimtaja asiye mtumwa, ila haiulizi babu yako alikuwa nani. Kwenye cheti tungeandika "Shahada ya Taaluma Huru, somo kuu Kemia", na yule mzazi wa Mbeya angejua la kumuuliza mwanawe: somo lako kuu ni lipi, na hayo mengine utakayoyapitia ni yapi?