Ongezeko la Uzito Baada ya Kuacha Tumbaku: Istilahi, Maana na Matumizi

Ongezeko la uzito baada ya kuacha tumbaku ni istilahi ya tiba inayotaja kilo ambazo mtu huzipata katika miezi inayofuata siku aliyoacha sigara, kiko au ugoro, mwili unapozoea kuishi bila nikotini. Hutofautiana na kunenepa kwingine kwa kuwa chanzo chake kinajulikana na kipindi chake pia kinajulikana. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2012 ulionyesha kuwa wanaoacha sigara bila kutumia dawa huongezeka wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya kilo hizo huja katika miezi 3 ya mwanzo. Hata hivyo, watu hawalingani: kadiri ya mtu 1 kati ya 6 hupungua uzito, na 1 kati ya 8 huongeza zaidi ya kilo 10.

Neno la kwanza katika istilahi hii ni uzito, yaani kile kinachosomwa kwenye mizani. Wengine husema uzani. Katika mazungumzo ya kila siku nafasi yake huchukuliwa na unene au kitambi, lakini maneno hayo hayabebi maana ileile. Unene wa kupindukia ni hali inayopimwa kwa fahirisi ya uzito wa mwili: kilo za mtu hugawanywa kwa kimo chake katika mita, kikiwa kimezidishwa kwa chenyewe. Jibu lililo kati ya 18.5 na 24.9 ni la kawaida. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Mwanamume mwenye kimo cha mita 1.7 na kilo 62 ana fahirisi ya 21.5. Akiacha sigara na kuongeza kilo 5, hufika 23.2 na bado yumo katika kiwango cha kawaida. Kwa hiyo ongezeko la uzito si lazima liwe ugonjwa, na kuliita unene ni kumtisha mtu bure.

Neno la pili ni tumbaku. Vitabu vingi vya afya husema "kuacha kuvuta," lakini katika kaunti za Kitui na Makueni, eneo la Ukambani nchini Kenya, tafsiri hiyo ni finyu. Huko ugoro, ambao Wakamba huuita mbaki, ni desturi ya miaka mingi miongoni mwa wazee, wake kwa waume. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta kuwa asilimia 11.6 ya watu wazima nchini Kenya walitumia tumbaku. Kwa wanawake, waliovuta walikuwa asilimia 0.8 tu, ilhali waliotumia tumbaku isiyovutwa walikuwa asilimia 3.8. Anayesema "kuacha kuvuta" huwaacha nje wengi wa wanawake wanaotumia tumbaku. Takwimu nyingi za uzito zimetoka kwa wavutaji, lakini ugoro nao una nikotini, na nikotini ndiyo chanzo kikuu cha suala hili.

Namna nikotini inavyofanya kazi huelezwa kwa istilahi nyingine, umetaboli, ambayo baadhi huiandika metaboli. Huu ni mfululizo wa shughuli za kikemia ambazo kwazo mwili hugeuza chakula kuwa nguvu na kujijenga. Nikotini huharakisha shughuli hizo. Jaribio lililofanywa Uswisi na kuchapishwa mwaka 1986 lilionyesha kuwa kuvuta sigara 24 kwa siku kuliongeza nguvu inayotumiwa na mwili kwa asilimia 10, yaani takriban kilokalori 200. Sigara zikikoma, kilokalori hizo hubaki mwilini hata kama sahani haijaongezwa. Isitoshe, nikotini hupunguza njaa kwa kugusa sehemu ya ubongo inayosimamia hamu ya kula. Ikiondoka, njaa hurudi, pamoja na ladha na harufu zilizokuwa zimefifia. Halafu kuna dalili za kuacha, ambazo vijana wa pwani wanaotumia dawa za kulevya huziita arosto: wasiwasi, hasira na mkono unaotafuta kitu cha kutia mdomoni.

Neno linaloambatana na istilahi hii ni kudhibiti, lililozoeleka Kenya tangu Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2007. Kudhibiti ni kuweka jambo ndani ya mipaka; kuzuia ni kulikomesha kabisa. Wataalamu wengi hushauri kudhibiti, kwa kuwa anayejinyima chakula sana wiki ileile anayoacha tumbaku hupigana vita viwili kwa wakati mmoja na hurudia tumbaku kwa urahisi.

Chakula cha Ukambani hurahisisha kazi hiyo. Isyo, yaani mahindi yaliyopikwa pamoja na maharagwe au mbaazi, hushibisha kwa muda mrefu kwa sababu ya nyuzinyuzi na protini zake. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, hivyo nyuzinyuzi zake ni chache. Ukichanganywa na ndengu au mbaazi nyingi hushibisha zaidi. Embe moja la Makueni ni bora kuliko soda au mandazi, na vijiko vya sukari katika chai ndivyo vya kupunguzwa kwanza. Miezi ya kiangazi, shamba likiwa halina palizi, mwili hutumia nguvu kidogo. Anayeacha tumbaku wakati huo apange pia kutembea kwa miguu kila siku. Chingamu na mabandiko ya nikotini huchelewesha ongezeko la uzito wakati yanapotumiwa.

Uzito ukipanda sana, hatari ya kisukari hupanda kwa muda. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulithibitisha hilo kwa walioacha sigara wakaongezeka, lakini ulionyesha pia kuwa walioacha walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko walioendelea kuvuta, hata wale walioongeza zaidi ya kilo 10. Kwa hiyo hofu ya kilo si sababu ya kuendelea na tumbaku. Anayetaka kuacha apimwe uzito na shinikizo la damu katika kituo cha afya kilicho karibu kabla ya kuanza, na arudi kupimwa katika miezi 3 ya kwanza, ambayo ndiyo yenye ongezeko kubwa.