Habari za Chambo katika Ziwa Victoria

Leo nataka kuwaeleza habari za chambo, yaani kile kitu kidogo kitiwacho kwenye ndoana ili samaki adanganyike. Najua wako watakaocheka na kusema, "Mwalimu ameishiwa na maneno, sasa ametuletea nyungunyungu." Na wacheke. Lakini mtu akizifuata habari za chambo katika Ziwa Victoria atayajua mengi yaliyolipata ziwa lenyewe, kwa kuwa kila mara wavuvi walipobadili chambo, palikuwa na jambo lililotokea majini.

Katika siku za kale watu wa kandokando ya ziwa walivua kwa migono, kwa nyua za matete na mafunjo, na kwa mshipi. Wahunzi wa Buganda walifua ndoana za chuma kabla ndoana za dukani hazijafika. Kuchagua chambo kulikuwa ni kujua chakula cha kila samaki na mahali anapokitafutia. Kambare ni mlafi asiyechagua: nyungunyungu, chura, kipande cha samaki, matumbo ya kuku, hata kitu kilichoanza kunuka, vyote ni vyake. Yeye hutafuta chakula gizani na katika maji ya matope, akipapasa kwa sharubu zake, na harufu ndiyo imwitayo. Hongwe naye ana sharubu, lakini hupenda zaidi samaki wadogo. Kamongo ana meno mfano wa mawe ya kusagia, na konokono ndio karamu yake. Walakini akikutana na kipande cha samaki hakipiti hivi hivi.

Palikuwa na mmoja aliyewashinda wenye ndoana wote, naye ni ngege. Huyu alipendwa mno kwa utamu wake, lakini chakula chake ni vimea vidogo sana vieleavyo majini, ambavyo jicho haliwezi kuviona kimoja kimoja bila hadubini. Utamtilia nini kwenye ndoana? Basi ngege aliachiwa wenye migono na nyua, na kwa muda mrefu alikuwa na amani kiasi. Wavu wa kitani ulipoletwa katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo sasa huitwa Ghuba ya Winam, mwaka 1905, amani hiyo ilikwisha. Wavu haumwulizi samaki amekula nini. Ngege walivuliwa kwa wingi, wakapungua, hata serikali ikataka uchunguzi. Michael Graham alilichungua ziwa katika miaka ya 1927 na 1928, na katika taarifa yake ya 1929 alishauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Pia alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenziwe kutoka maji mengine kungekuwa hatari kubwa, isipokuwa utafiti mwingi utangulie. Liwekeni akilini onyo hilo.

Sasa niwaeleze furu. Hawa ni samaki wadogo wenye miiba mingi, na aina zao katika ziwa hili zilizidi 500. Uchunguzi uliofanywa kwa meli ya kukokota wavu katika miaka ya 1969 hadi 1971 ulionyesha kwamba furu walikuwa yapata sehemu nne katika kila sehemu tano za uzito wa samaki wakaao chini. Watoto waliwavua ufukoni kwa ndoana ndogo na nyungunyungu, na bei yao sokoni ilikuwa duni. Lakini mvuvi wa hongwe na kambare aliwaheshimu, kwa sababu kila asubuhi walimpa chambo bila kulipa senti moja.

Watu wengine waliwaona furu kuwa hasara tupu, wakasema heri waliwe na samaki mkubwa mwenye minofu. Hivyo sangara walichukuliwa kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana, wakatiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miaka mingi hawakuonekana sana. Kisha katika miaka ya 1980 wakajaa kila mahali, na furu wakatoweka mbele yao. Sangara hakuwa sababu peke yake, kwa maana maji nayo yalikuwa yakichafuka. Lakini wataalamu hukadiria kwamba aina kama 200 za furu zilipotea.

Hapo ndipo mambo ya chambo yalipopinduka. Sangara hapendezwi na nyungunyungu. Ataka samaki, na hasa samaki achezaye. Wavuvi wakatandaza migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoana mia kadhaa, na wengine zaidi ya elfu, na kila ndoana yataka furu wake. Furu wako wapi? Sangara alikuwa amekwisha kula chambo cha kumvulia yeye mwenyewe!

Kuna waliovuta kokoro ufukoni ili wapate furu wachache waliosalia, wakazoa pamoja nao watoto wa sato na wa sangara. Wengine waliingia katika matete kuwatafuta kambare wachanga, nao ndio walioshinda. Sababu yake ni hii: kambare ana kiungo cha pekee juu ya mashavu yake, ambacho kwacho huvuta hewa kama sisi. Furu akitundikwa kwenye ndoana hufa upesi, lakini kambare mdogo akitobolewa vizuri mgongoni, pasipo kuguswa uti, aweza kuwa hai usiku kucha, akijinyonganyonga mpaka sangara amsikie. Tena husafirishwa katika dumu la maji machache bila kufa. Lakini mabwawa ya matete nayo yana mwisho, na kambare aliyetolewa huko angali wa urefu wa kidole hatapanda mto kutaga mvua zinyeshapo.

Kwa hiyo katika Uganda, Kenya na Tanzania wako watu waliojifunza kuwazalisha kambare. Jike hudungwa sindano ya dawa itokayo katika tezi ya kichwa cha kambare mwingine, kisha hukamuliwa mayai, yakachanganywa na mbegu za dume. Maji yakiwa ya vuguvugu, huanguliwa kwa muda wa siku moja au moja na nusu. Wengi wa watoto hao hawafiki kuwa kitoweo cha mtu. Mvuvi huja kwenye bwawa mchana, anajua idadi ya ndoana zake, naye hununua kambare kwa kuhesabu mmoja mmoja, akawachukua hata mtumbwini ili ndoana zizame kabla ya giza kuingia.