Kasi ya intaneti inaonekana kubwa, mbona simu inakatika?

Malalamiko haya wanayajua wengi hapa Nakivale, hasa wanaosoma au kufanya kazi kwa njia ya mtandao. Umepima kasi, simu yako imeonyesha Mbps 20. Jirani aliye kwenye Wi-Fi hiyohiyo amepata 6. Mwenye kibanda anakuonyesha 35 kwenye simu yake. Kisha usaili wa kazi unaanza, sauti inakuja vipande vipande, nawe unajibu swali ambalo anayekuhoji ameshalipita.

Nani anasema kweli? Mara nyingi wote watatu. Kila mmoja amepima kitu tofauti kidogo, na huenda hakuna aliyetazama namba iliyoharibu mazungumzo yako. Namba hiyo ni ya kuchelewa kwa mtandao. Kwenye programu nyingi za kupimia imeandikwa Ping au Latency, kwa herufi ndogo, pembeni ya ile namba kubwa ya kasi.

Kujaza jerikani na kutembea hadi bombani

Fikiria unachota maji. Kuna muda wa jerikani kujaa, na kuna muda wa kutembea hadi bombani na kurudi. Bomba lenye nguvu hujaza jerikani haraka, lakini kama liko mbali, mtu aliyetaka kikombe kimoja tu cha maji atasubiri vilevile.

Kasi, ile inayohesabiwa kwa Mbps, ni nguvu ya bomba. Kuchelewa ni ule mwendo wa kwenda na kurudi: muda tangu simu yako itume ujumbe mdogo hadi jibu lirudi. Hupimwa kwa milisekunde, na milisekunde 1,000 ni sekunde moja. Kupakua filamu ni kujaza mapipa, kwa hiyo kasi ndiyo muhimu. Simu ya WhatsApp, darasa la video au mchezo wa mtandaoni ni vikombe vidogo vidogo vinavyokwenda na kurudi bila kupumzika. Simu ya sauti haihitaji hata Mbps 1, lakini kila kikombe lazima kifike kwa wakati.

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unashauri kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, na mipango ya mtandao isivuke 400. Hiyo ni safari ya kwenda tu. Pingi huhesabu kwenda na kurudi, kwa hiyo pingi ya 300 ndiyo karibu na mpaka wa mazungumzo mazuri. Ikivuka hapo, watu huanza kuingiliana: kila mmoja anadhani mwenzake amenyamaza.

Safari ya ujumbe kutoka hapa

Ndani ya waya wa nyuzi za kioo, mwanga husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kutoka Nakivale hadi Kampala na kurudi ingekuwa milisekunde chache tu kama njia yote ingekuwa waya. Sehemu ya polepole kwa kawaida ni ile ya kwanza, kati ya simu yako na mnara. Kwa 4G yenye mawimbi mazuri tegemea milisekunde 30 hadi 60. Kwa 3G mara nyingi ni 100 au zaidi. Simu ikishuka hadi 2G ni mamia, na hapo mazungumzo ya video yasahau.

Uganda haina bahari. Mikongo ya baharini inayounganisha Afrika Mashariki na dunia inatua pwani, Mombasa na Dar es Salaam, na data ya Uganda huvuka mpaka wa Kenya au wa Tanzania kabla ya kuifikia. Kompyuta unayozungumza nayo ikiwa Ulaya na waya ukawa na urefu wa kilomita 10,000, safari ya kwenda na kurudi haiwezi kuwa chini ya milisekunde 100, hata ukinunua bando la bei gani. Hiyo ni sheria ya mwanga, si uzembe wa kampuni.

Njia hizo zikiharibika, tunaona. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilikatika, na watumiaji wa nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, wakabaki na intaneti dhaifu. Data ililazimika kupita njia nyingine zilizojaa. Katika hali kama hiyo YouTube inaweza kuendelea kucheza vizuri huku tovuti ya chuo kikuu ikikwama. Google na kampuni nyingine kubwa huweka nakala za video zinazotazamwa sana kwenye kompyuta zilizo karibu na watumiaji. Tovuti ya chuo iko mahali pamoja tu, na pengine ni ng'ambo.

Setilaiti nazo zinatofautiana sana. Zile za zamani zinakaa juu kilomita 35,786. Ujumbe hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka tena: zaidi ya kilomita 143,000, karibu nusu sekunde angani peke yake. Setilaiti za chini kama za Starlink huzunguka kwenye kilomita 550 hivi, kwa hiyo kuchelewa kwake hukaribia kule kwa minara. Ukiambiwa kituo fulani kinatumia setilaiti, uliza ni ya aina gani kabla ya kulipia usaili hapo.

Kwa nini vipimo havilingani

Jambo la kwanza ni kompyuta iliyopimwa nayo. Programu ya Speedtest huchagua seva iliyo karibu, ambayo inaweza kuwa Kampala, hata ndani ya mtandao wa kampuni yako ya simu. Hicho ni kipimo cha kutoka hapa hadi Kampala, wala si uongo. Lakini kama mwajiri wako yuko Toronto, kimekueleza sehemu fupi tu ya safari. Fast.com hupima na seva za Netflix. Kipimo kinachotokea ukitafuta kwenye Google hutumia seva za M-Lab. Seva tatu, njia tatu, majibu matatu.

Namna ya kupima nayo ina uzito. Vipimo vingine hufungua mikondo mingi kwa pamoja, kama familia yenye watoto sita, kila mmoja na jerikani yake, ili kujua bomba linaweza kutoa kiasi gani kwa jumla. Kipimo cha M-Lab hutumia mkondo mmoja. Kwenye njia ndefu au yenye mawimbi yanayopotea, mkondo mmoja huonyesha namba ndogo zaidi. Ndiyo maana kutoka 20 hadi 6 dakika moja baadaye si lazima iwe hitilafu.

Halafu kuna VPN, na hapa Uganda hili linawahusu wengi. Tangu Facebook ilipofungwa Januari 2021, watu wamezoea kuwasha VPN asubuhi na kuisahau hadi usiku. VPN hupeleka data yako yote kwanza kwenye nchi nyingine. Seva yake ikiwa Uholanzi, hata ujumbe wa kwenda Kampala utapitia Uholanzi, na programu ya kupimia inaweza kudhani uko huko na kukupimia na seva ya huko. Kabla ya kulaumu mtandao, angalia kama ule ufunguo mdogo uko juu ya skrini yako. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu inayosahaulika kuliko zote.

Mengine ni ya kawaida: saa mbili usiku mnara mmoja unahudumia watu wengi kuliko saa kumi na moja alfajiri, simu ya zamani haiwezi kupokea kile simu mpya inapokea, ukuta wa matofali na bati hupunguza mawimbi, na bando lingine hupunguziwa kasi ukimaliza kiwango fulani.

Foleni isiyoonekana

Hili ndilo linaloeleza kesi nyingi za vibandani. Wi-Fi ikiwa tupu, pingi ni 40, safi kabisa. Kisha mtu anaanza kupakia video kwenye TikTok. Kifaa cha Wi-Fi au mnara hupanga data yake kwenye foleni, na sauti yako, ambayo ni kikombe kimoja tu, inasimama nyuma ya mapipa yake. Pingi inaruka hadi 500 au 1,000. Kasi ya jumla bado ni ileile, kwa hiyo mwenye kibanda akipima ataona namba nzuri na kushangaa unalalamika nini.

Fast.com huonyesha hili ukibonyeza maelezo zaidi: utaona kuchelewa kwa aina mbili, mtandao ukiwa umetulia na ukiwa na mzigo. Namba ya pili ndiyo ya kuamini. Speedtest nayo hutoa pingi ya wakati wa kupakua na ya wakati wa kupakia. Utaona pia neno Jitter, yaani kuyumba. Pingi ya 120 isiyoyumba ni bora kwa mazungumzo kuliko inayopanda na kushuka kati ya 40 na 300.

Tazama vilevile kasi ya kupakia, si ya kupakua tu. Uso wako na sauti yako hutoka kwa njia hiyo, na mara nyingi ni ndogo zaidi.

Kupima kunakula bando

Mbps ni megabiti kwa sekunde, na bando huuzwa kwa megabaiti, MB. Megabaiti moja ni megabiti 8. Kipimo cha sekunde 10 kwa kasi ya Mbps 20 kinakula megabiti 200, yaani MB 25, na bado hujahesabu sehemu ya kupakia. Kwa kasi ya Mbps 50 ni zaidi ya MB 60. Ukipima mara tano kwa hasira, bando dogo la siku limekwisha, na tangu Julai 2021 data hapa Uganda inatozwa kodi ya asilimia 12. Cha kuchekesha ni kwamba mtandao ukiwa mzuri, kipimo ndipo kinapokula zaidi.

Speedtest hupima pingi kwanza, kabla ya kupakua. Kama pingi ndiyo unayoitaka, isome kisha simamisha kipimo. Itakugharimu kidogo sana. Ndani ya programu hiyo unaweza pia kubadilisha seva mwenyewe: chagua mji ulio karibu na mtu utakayezungumza naye, uone safari halisi.

Siku ya usaili au mtihani

Pima siku moja kabla, mahali hapohapo na saa ileile. Zima VPN, isipokuwa mwajiri anaitaka. Funga programu zinazojisasisha na zinazopeleka picha zako kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kama ni kibandani, mweleze mwenye kibanda mapema kuwa una usaili na umwombe azuie upakiaji wa video kwa nusu saa hiyo. Wengi hukubali, na baadhi ya vifaa vya Wi-Fi vina sehemu ya kumpa mteja mmoja kipaumbele. Data ya simu yako yenye 4G ya kawaida inaweza kushinda Wi-Fi ya watu 15 hata kama kasi yake ni ndogo, kwa hiyo iwe tayari pembeni. Sauti ikianza kukatika, zima kamera. Ukiona mnaingiliana, maliza sentensi na uhesabu hadi mbili kabla ya kuendelea.

Ukitaka kulalamika kwa kampuni ya mtandao, namba moja ya kasi haitakusaidia sana. Pima asubuhi, mchana na usiku kwa siku tatu, kwa programu ileile na seva ileile, VPN ikiwa imezimwa. Andika tarehe, saa, eneo la makazi ulipokuwa, kama ilikuwa 4G au 3G, pingi, kasi ya kupakua na ya kupakia. Majirani wawili watatu wa mnara huohuo wakifanya vivyo hivyo, wawe wakimbizi au wenyeji, pelekeni orodha hizo pamoja.