Kisukari na Korona

 Leo tutazungumza juu ya magonjwa mawili yaliyokutana katika mwili wa mtu mmoja.

Kisukari ndicho kilichotangulia. Madaktari walipopima watu wa vijiji kadhaa vya Tanzania katika miaka ya 1980, wenye kisukari hawakufika hata 1 katika kila watu 100. Nchi ilipopimwa mwaka 2012, walikuwa kama 9 katika kila watu wazima 100. Nini kilibadilika? Itazame barabara ya Morogoro ipitayo Kibaha. Mtu ambaye babu yake alilima mihogo Kisarawe kwa jembe, yeye hushinda dukani ameketi, soda mkononi, na safari fupi hupanda pikipiki. Wengi husema huu ni ugonjwa wa matajiri. Si kweli, nami naona neno hilo limewachelewesha watu kupimwa, ingawa kipimo ni tone moja tu la damu kidoleni.

Korona ilikuja baadaye. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, aliyepatikana Arusha. Mwanzoni mwa Mei hesabu ilifika 509, kisha haikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka. Lakini madaktari wa China, Italia na Uingereza walikuwa wamekwisha kuona jambo hili: mwenye kisukari akipatwa na korona, ilimwelemea kuliko jirani yake, na waliokufa walikuwa wengi zaidi.

Kwa nini? Katika damu mna chembe nyeupe, nazo ndizo askari wa mwili. Sukari ikizidi siku nyingi, askari hao hulegea, na mishipa midogo ya damu huharibika. Tena korona yenyewe hupandisha sukari. Mwili unapopigana na ugonjwa humwaga sukari zaidi katika damu, na insulini, ambayo kazi yake ni kuishusha, hushindwa.

Hata dawa ilileta shida. Juni 2020 madaktari wa Uingereza walionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, iliokoa wagonjwa waliohitaji oksijeni. Nayo hupandisha sukari! Basi aliyepewa ilimpasa apimwe sukari mara kwa mara, na pengine aongezewe insulini.

Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021. Wenye kisukari waliwekwa katika kundi la kwanza la kuchanjwa, pamoja na wafanyakazi wa afya na watu wa miaka 50 na zaidi.