Jinsi ya kufunga programu za sauti bila kupoteza wimbo

Chukua mfano wa studio ndogo mjini Machakos ambako bendi ya benga imeshinda kutwa ikirekodi wimbo kwa Kikamba. Ngoma zimo katika programu moja, gita katika nyingine, na sauti ya mwimbaji katika ya tatu. Jioni, fundi anazifunga zote. Je, kompyuta ifanye nini iwapo kuna kazi ambayo haijahifadhiwa?

Programu zinazotumiwa pamoja namna hii huunda kikao kimoja cha kazi. Msimamizi wa kikao ni programu inayozifungua, kuzihifadhi na kuzifunga kwa pamoja. Katika mfumo wa Linux, mfano mmoja ni New Session Manager, iliyotokana na Non Session Manager mwaka wa 2020. Ina amri mbili tofauti: moja huhifadhi kisha ikafunga, ya pili hufunga bila kuhifadhi. Aidha, programu inaweza kumwarifu msimamizi kuwa ina mabadiliko yasiyohifadhiwa.

Utaratibu huo una busara. Kila programu ikiuliza swali lake, fundi aliyechoka hujibu bila kusoma. Akihifadhi ngoma na kuacha gita, kesho atakuta wimbo nusu mpya, nusu wa zamani. Kwa hivyo, swali liulizwe mara moja kwa kikao kizima, programu zenye kazi isiyohifadhiwa zitajwe, na majibu yawe matatu: kuhifadhi na kufunga, kufunga bila kuhifadhi, au kurejea kazini.

Hata hivyo, kukataa mabadiliko si sawa na kufuta rekodi. Umeme ukipotea ghafla, programu ya Audacity, iliyotolewa kwanza mwaka wa 2000, hujaribu kurejesha mradi uliokatizwa inapofunguliwa tena. Lakini mtumiaji akichagua mwenyewe kufunga bila kuhifadhi, kazi hiyo hutupwa. Basi kubofya kitufe kimoja kwaweza kudhuru kuliko umeme kupotea.

Sauti ya stirio ya kiwango cha CD huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika. Hiyo ni nafasi ndogo ikilinganishwa na gharama ya kuiita bendi upya. Ni heri sauti zilizorekodiwa zibaki kwenye diski hadi mwenyewe aamue kuzifuta siku nyingine, akili ikiwa imetulia.