Kwa nini ndege za kivita za majirani wote huonekana kwenye rada

Mashua ya mbao hurudisha mawimbi ya rada kidogo mno. Ndiyo maana nahodha anayekatiza njia ya meli za Kilindini usiku hufaidika akitundika mlingotini vibati vitatu vilivyopishana mraba, kama kona ya chumba. Wimbi likiingia humo hugonga bati moja, likaruka la pili na la tatu, kisha hurudi kule kule lilikotoka. Meli kubwa ikaiona mashua.

Rubani wa ndege ya kivita hutaka kinyume chake, lakini ndege nyingi zimejaa kona hizo hizo. Chukua Su-30MK2 sita ambazo Uganda ilinunua Urusi. Zilizoko Entebbe ziko ng'ambo tu ya Ziwa Victoria kwa mtu wa Osiri, Migori. Mikia yake miwili husimama wima juu ya umbo bapa. Matundu mapana ya kuvuta hewa huruhusu wimbi lifike hadi kwenye mapanga ya injini na kurudi. Ongeza makombora yanayoning'inia chini ya mabawa, kila moja na kona zake. Anayedai barazani kwamba ndege hii haionekani anakosea. F-5 za Kenya, zilizoanza kuingia nchini 1978, ni ndogo na mwangwi wake ni mdogo, ila nazo zilichorwa kwa ajili ya kasi na wepesi, si kujificha.

Kujificha huanzia kwenye umbo. Rangi ya kunyonya mawimbi ni msaada tu. F-117 ya Marekani ilikuwa na mbavu bapa za kutupa wimbi pembeni, mikia iliyolala na mabomu tumboni. F-35 hupinda njia ya hewa ili injini isichunguliwe kutoka mbele.

Hesabu yenyewe ni kali. Ili rada ikuone kwa nusu ya umbali wa awali, mwangwi wako lazima upungue mara 16. Ukiupunguza mara 10,000, umbali hupungua mara 10 pekee, kwa hiyo rada ya kilomita 200 bado itakuona ukifika kilomita 20. Tena rada za mawimbi marefu hazidanganywi sana na umbo. Waserbia walizitumia rada za aina hiyo walipoiangusha F-117 tarehe 27 Machi 1999, kwa kombora la zamani la Kisovieti.